Akili Ikishuka Garini

Shamsa na Wadha, haya, mmeshinda. Mmenishika nguo mpaka nimekaa kitako kuandika. Kibao cha mafunzo nimeshakiteremsha kutoka juu ya paa la gari yangu, na kazi ya kuwafundisha wanawake wa Ibra kuendesha sasa ni yenu. Mkaniambia, "Bi Rayya, tuandikie yale usiyotwambia." Mie nami nani wa kukataa kusema? Ila msitegemee nikwambieni wangapi walifaulu mkononi mwangu wala nililipwa nini. Hayo yanachosha kuyasoma, na mengine hayakuhusuni. Nitaandika juu ya kitu kimoja nilichopigana nacho kazi yangu yote: mtu kukaa mbele ya usukani, mikono ipo, miguu ipo, macho kayakodoa, na yeye mwenyewe hayupo.

Kazi hii nilivutwa na mdomo wangu. Tulipokuja Oman kutoka Unguja nilikuwa msichana, tukakaa hapa hapa Ibra, na kaka yangu ndiye aliyenifundisha gari, kwenye uwanja nyuma ya mashamba ya mitende. Alikuwa akipiga makelele mpaka majirani wanatoka nje kutazama nani kafa. Nilipopata leseni, wanawake wa mtaani wakaanza kubisha hodi mmoja mmoja. "Rayya, nifundishe wewe. Mume wangu hana subira." Wengine walisema waume zao wanayo subira, bali wao ndio hawana subira na waume zao. Nikaona kumbe kuna kazi. Nikaenda kuomba ruhusa ya ualimu, nikaambiwa nikakae kwanza na mwalimu mzoefu.

Mwalimu huyo alikuwa Bi Ghania wa Nizwa. Asili yao watu wa Pemba. Kimo chake kifupi, akikalia mto ndipo aone mbele, na sauti yake akisema "Breki!" hata gari ya jirani inasimama. Siku ya kwanza nimefika na buibui langu jipya, nimejipulizia udi, najiona mwalimu mzima. Akaniambia nikae nyuma, nifunge mdomo, nitazame. Kufunga mdomo mie! Nusura nirudi Ibra mchana ule ule.

Mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa mwari anayekaribia kuolewa, kaja na gari ya baba yake. Kabla ya kitu chochote Bi Ghania akaanza kufagia. Boksi la tishu la kwenye dashibodi, nyuma kwenye buti. Ua la plastiki, buti. Kichupa cha manukato kilichoning'inia kwenye kioo, buti. Yule binti akasema, "Mwalimu, hiyo kanipa mchumba wangu!" Bi Ghania akamjibu, "Basi ukiwa unaitazama yeye unamfikiria, na ukimfikiria yeye mimi unanigongesha mtende. Mchumba akae kwenye buti mpaka tumalize."

Wakaenda, kidogo tu, kama kutoka msikitini mpaka sokoni. Kisha akamsimamisha kando, akazima gari mwenyewe, akauliza, "Umeona nini?"

"Nimeona barabara."

"Nyuma yetu kuna nini?"

"Sijui."

"Tumepita duka linauza nini?"

"Sikutazama."

"Alaa! Sasa wewe umeiona barabara, au umekaa juu yake tu?"

Niliona kama uonevu. Duka linahusu nini na kuendesha? Nikaja kufahamu baadaye, nimekaa naye wiki nyingi na kuwasikia wengi wakijibu. Aliyeweza kusema duka, teksi iliyokuwa nyuma na mzee aliyekuwa akingoja kuvuka, kesho yake alikuwa hasahau vioo wala indiketa. Aliyesema "barabara" tu, kesho yake tunaanza upya, klachi ipi, breki ipi. Wote mikono yao ilifanya kazi ile ile. Kilichokaa kichwani ni kile ambacho mtu alikuwepo kilipopita. Bi Ghania hakunieleza hivi, hakuwa mtu wa kueleza. Aliuliza tu "Umeona nini?" mpaka nikawa naisikia nikikaanga vitunguu.

Nikarudi Ibra na gari yangu ya kwanza ya kufundishia. Haikuwa na breki ya pili upande wangu. Nilikuwa na handbreki na ulimi, na Mungu alikuwa na kazi nami. Wadha, wewe uliyelia juzi kwa sababu breki yako ya upande wa pili ni ngumu kidogo, mama, nakuheshimu, lakini futa machozi.

Kesi yangu ngumu ya mwanzo alikuwa msichana wa chuo hapa mjini. Kitabu cha alama za barabarani kakihifadhi chote, ukimtajia ukurasa anakusomea. Nikasema huyu hana taabu, huyu wa kumpeleka tu. Tukatoka. Nikamuuliza, "Alama ile ilikuwa inasemaje?" Akasema, "Ipi?" Tulikuwa tumeshaipita. Nikamngoja kwenye inayofuata. Akaipita nayo. Macho yake yalikuwa mbele kabisa, na midomo inachezacheza. Kumbe alikuwa akijisomea kitabu kichwani asije akasahau! Alama iliyosimama mbele yake, kubwa, nyekundu, hakuiona kwa kushughulika na picha yake. Nilicheka mpaka nikaona haya. Nikamwambia kitabu kakiache kwa mama yako, njoo mikono mitupu. Ikachukua muda, lakini siku alipopiga kelele mwenyewe "Mwalimu, ile ile! Ile ya ukurasa wa matuta!" furaha yake ilinifurahisha mpaka nikamnunulia aiskrimu.

Kisha kuna salamu zetu. Mnajua huku mkoani kwetu Sharqiyah salamu haina mkato. Mtu akipanda garini lazima umuulize hali, habari, watoto, wazee, mvua kama imefika kwao, na yeye akuulize vile vile, na ukiishia katikati umemvunjia heshima. Mwanzo nilikuwa naona tutumie wakati vizuri, tusalimiane huku tunakwenda. Lahaula! Ulizia habari za mama mkwe, tazama gari inavyokwenda. Nikaweka kanuni, na hii ishikeni: ufunguo haugeuzwi mpaka salamu ziishe zote, mpaka na mbuzi waulizwe. Hata zikichukua robo saa. Si wakati uliopotea.

Na msiwafundishe kwa saa nzima mfululizo. Mtamwona mtu, anaanza vizuri, kisha macho yanakuwa kama ya samaki wa kwenye barafu. Hapo hata umpigie ngoma, hapokei. Simama kivulini, mpe kahawa na tende, mpigie soga la upuuzi. Kuna mama mmoja wa Jalan Bani Bu Ali, kwao wana shamba kubwa la tende, mapipa yalimshinda. Mnayajua wenyewe yale mapipa ya mtihani, gari uirudishe kinyumenyume katikati yake bila ya kuligusa hata moja. Tulirudi nyuma, tukaenda mbele, tukarudi, mpaka mapipa yakawa yananijia usingizini. Nikamwambia nenda nyumbani, usiyafikirie. Akarudi baada ya siku chache, akaingia mara moja, safi. Nikamuuliza kafanya mazoezi wapi. "Wallahi sikufanya. Nilikuwa nachambua tende, sina hili wala lile, mara nikaona kwenye kichwa changu usukani unatakiwa ugeuzwe mapema." Kwa hiyo msiichukie akili inayozurura. Izurure mtu akiwa na tende mbele yake, si akiwa na lori.

Haya. Sasa Bi Zuwena, mwanafunzi wangu wa mwisho, aliyenitoa jasho kuliko wote.

Zuwena alikuja kwangu eda yake imekwisha. Anakaa kijijini, upande wa pili wa wadi, lile bonde kavu linalojaa maji mvua ikinyesha. Ni fundi wa kushona, nguo za kina mama na mitandio, na kila Jumatano anauza kwenye soko la wanawake hapa Ibra. Kila Jumatano mumewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akimleta na mabunda yake na kumrudisha. Mume kafariki, gari ipo chini ya banda, na mwanawe wa pekee, Nasir, anafanya kazi Muscat. Nasir ni mtoto mwema. Nasema kweli, na wema wake ndio uliokuwa taabu. Hakupenda mama yake akae peke yake mahala ambapo hawezi kutoka bila ya kuomba lifti. Akamwambia, "Mama, ukipata leseni kabla shule hazijafunguliwa, kaa kwako, sitosema neno. Usipopata, nakuja kukuchukua. Nyumba tutaifunga, gari tutaiuza, utakaa na sisi."

"Na soko langu?" Zuwena akamuuliza.

"Muscat kuna masoko mengi, mama."

Zuwena alinihadithia haya akiwa amekaa kwenye kiti changu cha dereva, salamu tumeshazimaliza, ufunguo haujageuzwa. Akasema, "Da Rayya, yule mtoto simlaumu. Lakini mimi pale sokoni najulikana. Muscat nitakuwa mama yake Nasir tu, nakaa kwenye fleti nangoja watu warudi kazini." Machozi yakamjaa. Na mie yakanijaa, sijui kuona mtu analia peke yake. Nikamwambia, "Bibie, funga mkanda. Tutaipata."

Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Mtu aliyezoea kanyagio la cherehani, klachi haimtishi. Mapipa aliyapita kwa utulivu, mlima nao akaupita, nikawa najisifu kimoyomoyo. Tukenda mazoezini tunazungumza njia nzima, kwa sababu Zuwena ana hadithi tamu na mie mnanijua. Siku ya mtihani wa barabarani afisa wa polisi akakaa mbele, mie nyuma mdomo umefungwa. Tumefika kwenye mzunguko, gari moja ikatupigia honi. Alikuwa shemeji yake. Zuwena akanyanyua mkono, akashusha kioo, akamwitikia na kumuuliza hali ya watoto na mkewe aliyejifungua, tena kwa ukamilifu, huku gari inazunguka. Tulizunguka ule mzunguko wote tukarudi tulikotoka. Afisa akamwambia kwa upole, "Mama, umefeli. Lakini nifikishie salamu kwa huyo aliyejifungua."

Tulicheka siku hiyo. Mara ya pili hatukucheka. Safari hii nilimkanya: usisalimie mtu, hata akipita baba yako. Akashika neno. Akawa kimya, mimi kimya, afisa kimya, unasikia kiyoyozi tu. Akaendesha vizuri ajabu. Afisa akasema, "Mzunguko huu, pinda kulia." Zuwena akasema, "Hadhir, nimesikia," na akaenda moja kwa moja, taratibu, kwa heshima zote, tukashika njia ya kwenda mji wa Sur. Afisa akarudia. Hakusikia. Nilitamani nimfinye. Mpaka afisa alipogonga dashibodi ndipo aliposhtuka kama mtu aliyeamshwa.

Tulipobaki wawili nikamuuliza, si kwa hasira, kwa kutaka kujua, "Zuwena, pale ulikuwa wapi?"

Akainamisha uso. "Muscat."

"Muscat unafanya nini?"

"Nilikuwa kwenye fleti ya Nasir. Natafuta pa kuweka cherehani yangu. Nikaona haiingii popote ila jikoni, karibu ya friji. Nikawa nafikiri mvuke wa masufuria utaiharibu."

Hofu ya kwenda Muscat ndiyo iliyokuwa ikimpeleka Muscat. Jioni ile Nasir akampigia simu, akamwambia uliobaki ni mtihani mmoja tu kabla ya shule, na kwamba asijitese, si lazima. Zuwena akanipigia mie. "Da Rayya, labda ni mkono wa Mungu. Labda niende tu." Nikamwambia Mungu hajasema kitu, aliyesema ni Nasir, na kesho saa yetu ni ile ile.

Lakini kusema ukweli nilikuwa sijui la kufanya. Nikizungumza naye, anasikiliza maneno yangu, njia haioni. Nikinyamaza, anasafiri. Kesho yake nikamuuliza "Umeona nini?" akanijibu kwa unyonge, "Sijaona kitu. Unajua, da Rayya, mimi miaka yote hii nilikuwa nakaa kiti cha pili. Marehemu anaendesha, mimi nafikiri. Nguo gani nikate, mtandio gani utapendeza na uzi gani. Garini ndipo palipokuwa mahala pangu pa kufikiri. Nyumbani sikuwa na nafasi. Gari ikianza kutikisika tu, akili yangu inashuka yenyewe, inakwenda kwenye shughuli zake."

Khaa! Nikamtazama. Kazi yote ile, wanawake wote wale, na hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo. Karibu wote waliokuja kwangu walikuwa abiria tangu utotoni, abiria wa baba, wa kaka, wa mume. Ukimhamisha mtu kiti, akili hujui kama imehama naye.

"Na ulipokuwa ukitaka isishuke," nikamuuliza, "ulikuwa ukifanyaje? Hujawahi kujifunza kitu kigumu ukakishika?"

Akafikiri. "Juzuu. Chuoni, nilipokuwa mtoto najifunza Kurani. Nikisoma kimya nilikuwa nasahau pale pale. Mwalimu wetu alikuwa kafumba macho kama amelala, lakini mmoja wetu akinyamaza tu anamwita jina lake. Akisikia kimya anajua mtu katoka. Kwa hiyo nilikuwa nasoma kwa sauti, kubwa kuliko wote, mpaka wenzangu wananichukia." Kisha akaniangalia na kope hazipepesi. "Da Rayya, njia nayo si inasomeka?"

"Isome," nikamwambia.

Akageuza ufunguo. Mwanzo kwa haya, sauti kama ya bi harusi. "Kioo. Nyuma hakuna. Indiketa. Natoka." Kisha akashika kasi. "Duka la halwa. Tuta. Gia ya pili. Teksi imesimama, mlango unaweza kufunguka, namkwepa. Mtoto na baiskeli. Mtoto kaniona. Pikapu nyuma yangu, ana haraka, apite aende zake. Duka la vitambaa, sitazami. Sitazami. Nimetazama kidogo, nimerudi." Nikaangua kicheko, akanikemea, "Da Rayya, usinitoe!" Na tuliposimama sikuuliza kitu. Alikuwa ameshaniambia vyote.

Tulisoma njia za Ibra siku zote zilizobakia. Nikagundua na jambo jingine. Yale aliyoyasoma kwa sauti leo, kesho anayakumbuka, tuta liko wapi, njia ipi watoto wanatoka madrasa. Mie nikipita naye nikawa naona vitu ambavyo nilikuwa nikivipita kila siku. Kuna mlango wa zamani wa mbao karibu ya soko, umechongwa vizuri, ulikuwepo siku zote, na mie ndiye niliyeonyeshwa na mwanafunzi wangu.

Siku ya mtihani wa mwisho nilisali rakaa za haja. Nasir alishachukua ruhusa kazini aje Ijumaa, amchukue au ampongeze, kwa maneno yake. Aliniambia mwenyewe kwamba kashakodi na pikapu ya mizigo. Zuwena hakujua, na mie sikumwambia, akili yake ingempakia cherehani kabla ya mapipa.

Afisa alikuwa mwengine, kijana, amechoka, mkononi ana karatasi zake. Zuwena akafunga mkanda, akasema bismillahi, akaanza. "Kioo. Nyuma hakuna. Indiketa."

Afisa akageuka. "Mama, unazungumza na nani?"

Mie kule nyuma nikauma ulimi nisimjibie.

"Na barabara, mwanangu," Zuwena akamjibu, macho yapo mbele. "Nikinyamaza naipoteza. Ikiwa ni makosa niambie."

Yule kijana akarudi kwenye karatasi zake. "Si makosa. Sema polepole tu."

Basi akasema polepole. Tukapita mzunguko, tukapinda tulipoambiwa kupinda, tukapanda njia inayokwenda mashambani. Afisa kaanza kuandika. Zuwena akasoma, "Mbuzi mmoja, anavuka. Mbuzi hawendi mmoja," na akapunguza mpaka gari ikasimama. Mie kule nyuma sioni kitu zaidi ya yule mbuzi na kiburi chake. Afisa akanyanyua uso, akafungua mdomo kutaka kuuliza kwa nini tumesimama. Wakatoka nyuma ya ukuta wenziwe, kundi zima, wanarukaruka mbele ya boneti, na wa mwisho akasimama kutuangalia.

"Mimi nilimwona mmoja," afisa akasema.

"Mbuzi wamekwisha," Zuwena akasoma. "Kioo. Gia ya kwanza. Natoka."

Alipofaulu hakuruka wala hakupiga vigelegele. Nilivipiga mie, vyote, pale pale kituoni, watu wakidhani harusi. Yeye aliishika leseni kwa mikono miwili akakaa kwenye ngazi, akalia kilio cha mtu ambaye nyumba yake haifungwi. Ijumaa Nasir akaja, akapika biriani mwenyewe, pikapu ya mizigo hakuitaja, na mie nikala kimya, jambo lililomshangaza kila mtu. Jumapili yake nikateremsha kibao changu. Nilikuwa nimeshaamua atakuwa wa mwisho, na sikuona wa kuja baada yake.

Jumatano iliyofuata nilikuwa sokoni mapema, nikajifanya natafuta mtandio. Zuwena alikuwa aje peke yake, gari ya marehemu, mabunda yote ndani, kwa mara ya kwanza bila ya mtu kiti cha pili. Kichwa changu kiliniambia kila balaa, wadi imejaa, tairi limepasuka. Simu yangu ikalia. Nasir.

"Shikamoo, khala."

"Marahaba, mwanangu."

"Khala, mama nampigia hashiki. Napiga, napiga, inalia tu. Mimi nilisema! Nilisema asitoke peke yake mara ya kwanza. Uko wapi? Unaweza kwenda kumtazama?" Sauti inamtetemeka, maskini ya Mungu. "Nitoke Muscat sasa hivi?"

Wakati huo huo nikaiona gari inaingia mwisho wa njia, taratibu. Mikono miwili juu ya usukani. Midomo inakwenda, haisimami.

"Usitoke," nikamwambia. "Namwona. Hashiki simu kwa sababu anaendesha."

Akabaki kwenye simu, akingoja.

Zuwena akatafuta nafasi, akairudisha gari kinyumenyume katikati ya gari mbili, akazima, akavuta handbreki. Hapo ndipo aliposhuka na kuitazama simu yake. "Huyu mtoto, mbona kanipigia mara zote hizi? Kuna msiba?"

Nikampa simu yangu. "Hakuna. Anataka kujua kama umefika."

Akaiweka sikioni, jasho linamtoka, anatabasamu mpaka kwenye masikio.

"Nimefika, Nasir," akasema. "Na njia nzima nilikuwamo."